Kuchora Moshi wa Dunia Isiyokuwepo

Jules Verne hakuridhika. Alikuwa ameletewa michoro ya mwanzo ya riwaya yake ya safari ya chini ya bahari, na aliyeichora, Édouard Riou, alikuwa fundi mwenye jina lake. Hata hivyo Verne alimwandikia mchapishaji wake wa Paris, Pierre-Jules Hetzel, akaomba watu katika picha zile wapunguzwe ukubwa na kumbi za nyambizi zipanuliwe. Toleo lenye picha lilipotoka mwaka 1871, Riou akiwa ameianza kazi na Alphonse de Neuville akaiendeleza, msomaji aliweza kuwaona abiria wa Nautilus wamesimama mbele ya dirisha la kioo, wakitazama vilindi vya bahari kutoka sebuleni. Nyambizi ile ina urefu wa mita 70 kwa mujibu wa hadithi. Mwandishi anaweza kuitaja namba hiyo kwa maneno mawili. Mchoraji hana njia hiyo ya mkato, kwani kila mtu anayemweka ndani ya chombo ni kipimo cha chombo kizima.

Nimeanza na Verne kwa sababu vitabu vile vyekundu vya Hetzel ndivyo vilivyozaa sura ya sanaa inayoitwa leo stimpanki: dunia ya kubuni ambamo mvuke haukuondolewa na petroli, ambamo ndege, silaha na hata kompyuta zinaendeshwa kwa makaa ya mawe, shaba ya manjano na magurudumu yenye meno. Jina lenyewe ni changa. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani K. W. Jeter alilipendekeza katika barua kwa jarida la Locus, akitafuta namna ya kuziita riwaya alizokuwa akiandika yeye na wenzake Tim Powers na James Blaylock. Sura, hata hivyo, ilikuwapo zaidi ya miaka mia moja kabla ya jina.

Sura hiyo ilitokana na mbao. Mchoraji wa wakati ule alichora moja kwa moja juu ya kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa upande wa kichwa cha gogo, kisha mchongaji akachukua patasi nyembamba na kukwangua kila sehemu iliyopaswa kubaki nyeupe. Mti uliopendwa kwa kazi hiyo haunenepi, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa kuunganishwa. Kivuli hakikuweza kupakwa kama rangi ya maji. Kilijengwa kwa mistari, mstari juu ya mstari, na ndiyo maana anga la dhoruba na ubavu wa meli vina msuko uleule katika picha za Verne. Ubao huo ulikuwa na kimo sawa na herufi za chapa, ukaweza kufungwa pamoja nazo na kuchapwa kwa pigo moja. Picha na sentensi ziligusa wino mmoja. Hildibrand, aliyechonga michoro mingi ya riwaya ile ya baharini, anastahili kutajwa kila wanapotajwa Riou na de Neuville, kwa kuwa msomaji hakuona kamwe mkono wa mchoraji peke yake. Leo kijana mwenye kompyuta anayechora hadithi yake ya fantasia huiga mistari hiyohiyo, na wengi hawajui kwamba wanaiga patasi.

Tatizo linaanza hapo. Mistari ni rahisi kuiga, injini si rahisi. Picha nyingi za stimpanki zinazozagaa sasa zimebandikwa gia kwenye kofia, kwenye miwani, kwenye mlango, na gia hizo hazizungushi kitu chochote. Mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa, wala si ukali wa mafundi. Mvuto wote wa stimpanki ni kwamba mashine haifichi utumbo wake. Tumezoea simu iliyo kimya kama kigae, isiyoeleza inavyofanya kazi. Mashine ya mvuke inajieleza yenyewe: moto huu hapa, maji yale pale, na ule mkono wa chuma ndio unaosukuma gurudumu. Gia isiyogusana na gia nyingine inavunja ahadi hiyo, na msomaji hulijua hilo hata asipoweza kulisema.

Kwa hiyo mchoraji aanze jikoni kwa mashine. Maji yakichemka hutanuka vibaya sana: lita moja hutoa mvuke wa karibu lita 1,700 katika presha ya kawaida ya hewa. Ukiufungia mvuke huo ndani ya chuma unatafuta pa kutokea, na nguvu yote ya injini ni utafutaji huo. Unapita kwenye bomba hadi kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inasukuma mtaimbo uliounganishwa na gurudumu, kisha mvuke uliochoka unatolewa nje au unapozwa uwe maji tena. Kutokana na safari hiyo unaweza kujua nini kichorwe na wapi. Boila huwa duara kwa sababu bamba bapa hufura likisukumwa kutoka ndani. Misumari ya ribiti hufuata maungio ya mabamba, safu moja au mbili. Haitawanywi kama vipele mwili mzima. Lazima pawepo vali ya usalama, geji ya presha mahali ambapo macho ya fundi yanafika, mlango wa tanuri wenye nafasi ya mtu kurudi nyuma na koleo, na ghala la makaa karibu. Mabomba ya moto hufungwa vitambaa ili yasipoteze joto. Vitambaa hivyo vilivyochakaa huifanya picha iaminike kuliko gia hamsini.

Ufaransa ilitoa somo zuri zaidi la jambo hili mwaka 1852, na halikuwa hadithi. Tarehe 24 Septemba Henri Giffard aliruka kutoka Paris kwa puto refu lililosukumwa na injini ya mvuke yenye nguvu za farasi watatu hivi, akasafiri takribani kilomita 27. Juu yake lilikuwapo puto lililojaa gesi inayoshika moto. Chini yake, tanuri. Giffard aliining'iniza injini mbali chini ya puto na akaielekeza dohani chini badala ya juu. Dohani inayotazama ardhini! Hakuna mchoraji anayebuni kwa kupamba tu ambaye angeifikia picha hiyo. Imetokana na hofu halali ya mtu aliyetaka kufika hai, na kwa sababu hiyo ni ngeni na nzuri kuliko mabawa yote ya popo yanayochorwa kwenye vyombo vya anga vya kubuni. Anayetunga chombo chake aanze na swali kama lile la Giffard: ni kitu gani hapa kinaweza kuniua? Umbo litakuja lenyewe.

Kwa upande wa ushirikiano kati ya kalamu na penseli, mfano wa karibuni ninaoupenda ni trilojia ya Scott Westerfeld iliyoanza na Leviathan mwaka 2009 na kumalizika na Goliath mwaka 2011. Westerfeld aliivuruga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Austria na Ujerumani zina mashine zinazotembea kwa miguu, Uingereza ina wanyama waliofinyangwa kwa sayansi, akiwamo nyangumi anayepaa na kubeba mabaharia. Alitaka kitabu chenye picha kama vile vya enzi anayoisimulia, akampata Mkanada Keith Thompson. Michoro ya Thompson haina rangi, ina mashine nzito zinazokanyaga kwa kishindo na watu wenye makunyanzi katika sare zao. Westerfeld ameeleza kwamba michoro ilimrudisha kwenye maandishi, akabadilisha maelezo ili yafuate kile mchoraji alichokifikiria vizuri zaidi. Hapo ndipo mchoraji anapokuwa mwandishi wa pili. Akiuliza rubani anaingilia wapi, pengine sura nzima ya kutoroka itabidi iandikwe upya, na itakuwa bora.

Lakini ziko pia picha zilizochorwa kwa ustadi ambazo sikubaliani nazo, na zinatuhusu. Verne alipata umaarufu mwaka 1863 kwa riwaya ya wiki tano ndani ya puto, na puto hilo linaondokea Zanzibar. Hakuwahi kufika huku. Alitegemea habari za wasafiri kama Burton na Speke. Puto linapofika Kazeh, yaani Tabora, wenyeji wanadhani ni mwezi umeshuka. Kazeh ulikuwa mji wa misafara, wenye wafanyabiashara wa pwani, bunduki, nguo na pembe za ndovu zilizokuwa zikielekea masoko ya mbali. Watu waliopanga safari za miezi mingi hadi baharini wamegeuzwa umati wa kushangaa, ili puto la Mzungu lipate kuonekana la ajabu. Ni hila ya mchoraji pia: weka watu wenye vinywa wazi chini ya mashine, na mashine itakua. Kipimo kilekile alichokiomba Verne kwa Hetzel kimetumika hapa kuwadogosha watu kwa namna nyingine.

Nisi Shawl, mwandishi wa Marekani, aliijibu mila hiyo katika riwaya ya Everfair ya mwaka 2016. Hadithi yake imewekwa Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Katika dunia ya Shawl kunaanzishwa nchi ya kubuni ya wakimbizi, kuna vyombo vya anga, na waliokatwa wanatengenezewa mikono ya mashine. Mkono wa shaba ni pambo la kawaida kabisa katika stimpanki. Kwa Shawl una historia, na ukishaisoma huwezi tena kuuchora kama bangili. Vilevile mpira: enzi ya mvuke iliuhitaji kwa kuzibia maungio, kwa mikanda ya mitambo, kwa magurudumu ya baiskeli. Nani aliugema? Mchoraji anayefuata bomba kutoka boila hadi silinda na aendelee kulifuata, atoke nje ya karakana, hadi mgodini na msituni.

Mchoraji wa Kigoma au Mombasa anayetunga hadithi yake hana haja ya kuazima moshi wa London. Sultani Barghash wa Zanzibar alimiliki meli za moshi zake mwenyewe, na mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib lenye nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo. Halafu iko meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi katika Ziwa Tanganyika kwa jina la sasa. Urefu wake unazidi mita 70 kidogo, karibu sawa kabisa na Nautilus ya Verne. Meli iliyosafiri ndani ya masanduku, ikazikwa majini kwa miaka minane na kufufuliwa na injini zake: mhariri angemwambia mtunzi apunguze chumvi.

Ushauri wangu kwa atakayeichora meli ya namna hiyo ndani ya fantasia yake ni kwamba asianze na picha ya jalada. Achore kwanza chombo kilichopasuliwa katikati, kama samaki wa kubanikwa, aonyeshe tanuri, boila, maji, makaa, vitanda na choo. Kisha achore anayechochea moto, jasho lake na kitambaa chake cha kichwa, kwa uangalifu uleule atakaompa nahodha. Ahesabu kuni au makaa yanayoingia ghalani. Hadithi ikisema chombo kilikwenda siku tatu bila kutia nanga, na ghala alilolichora linatosha siku moja, asilipanue kwa siri. Amrudie mwandishi na karatasi mkononi. Huenda msafara ukalazimika kusimama mahali kununua kuni, kwenye kijiji ambacho hakikuwamo katika rasimu ya kwanza, mbele ya muuzaji ambaye sasa anahitaji jina, bei na maneno ya kusema.