Fahamu: Kwa nini adhuhuri ya Katesh huchelewa

Simu ikionyesha saa 6:00 mchana, mtu aliyesimama Katesh, chini ya Mlima Hanang, huona kivuli chake bado kimelalia kidogo magharibi. Jua halijafika kileleni. Kwa wastani litafika saa 6:38.

Simu si mbovu. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Katesh iko karibu nyuzi 35.4. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo hesabu inatoa dakika 38. Dar es Salaam inadaiwa dakika 23 hivi.

Hesabu yetu ya saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni inafaa hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta: kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa Katesh kuna tofauti ya kama nusu saa tu. Ipeleke London, ambako mchana mfupi kabisa wa Desemba hauzidi saa nane, uone itakavyoyumba.

Wanasayansi wenyewe waliacha kulitegemea jua. Tangu 1967, sekunde hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi. Kwa kuwa Dunia haina mwendo thabiti hivyo, saa rasmi ya ulimwengu, inayofuata atomu hizo, imeongezewa sekunde 27 tangu 1972 ili ilingane na mzunguko wa Dunia. Mwaka 2022 mataifa yaliamua utaratibu huo ukome ifikapo 2035.