Hewa safi, taa ndefu: moshi wa magari unahusu nini paneli zetu?

Mwezi huu tunaongea juu ya paneli ya sola, ile inayowapa watoto taa ya kusomea na sisi chaji ya simu, tupate habari za ndugu waliobaki Kongo.

Wengi wanauliza: jua ni lile lile, mbona taa inazimika mapema? Sababu moja ni hewa. Moshi na vumbi vinazuia mwanga mara mbili: kwanza vikiwa angani, halafu vikitua juu ya kioo.

Jambo hili lilipimwa mjini Delhi, India. Machi 2020 shughuli zilifungwa kwa sababu ya korona, magari yakasimama na moshi ukapungua. Wataalamu wakakuta mwanga unaofika kwenye paneli umeongezeka kwa asilimia 8 hivi, ukilinganisha na mwezi huo huo katika miaka ya nyuma. Jua halikuongezeka, hewa ilisafishika tu.

Basi pikipiki za umeme, kama zile za Kigali, zina faida hiyo: hazitoi moshi. Tena jua lenyewe linaweza kuzichaji. Huko Mubuga, Gitega, kuna kituo cha sola cha megawati 7.5 kilichozinduliwa 2021. Katika nchi ambayo watu wamepanga foleni ndefu za esansi, hilo si jambo dogo.

Lakini tusijidanganye. Pikipiki ya umeme nayo inatimua vumbi kwenye barabara ya udongo. Hapa Muyinga, wakati wa kiangazi, adui wa paneli ni vumbi jekundu na moshi wa kuni. Hapo hatuhitaji kungoja magari mapya. Tufanye hivi:

1. Futa paneli asubuhi na mapema kwa kitambaa laini na maji safi. Maji baridi juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua.
2. Usisugue kwa mchanga wala majivu, yanakwaruza.
3. Weka paneli mbali na moshi wa jiko.
4. Angalia kivuli. Hata tawi moja linapunguza umeme sana.
5. Usimtume mtoto kupanda paani.

Maji ni shida, tunajua. Kwa paneli ndogo, kikombe kimoja kinatosha. Jaribu wiki hii, halafu hesabu taa inawaka saa ngapi. Tuonane mwezi ujao!