Mchangiaji Mayai Ni Mgonjwa wa Nani?

Novemba 2023, mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha katika hospitali moja ya Kampala, na habari zake zikaenea dunia nzima. Mimba ilitungwa kwa mayai ya mwanamke mwingine. Katika umri huo isingewezekana vinginevyo. Kuhusu huyo mwingine magazeti hayakuwa na la kusema. Kufichwa jina ni haki yake. Lakini kimya hicho kina gharama: binti anayefikiria kuchangia mayai leo huambiwa atalipwa kiasi gani kabla hajaambiwa atafanyiwa nini.

Kazi huanza kwa vipimo. Damu hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B na C, pamoja na magonjwa ya kurithi. Kwa ukanda wetu, kutopima selimundu ni uzembe. Kwa ultrasaundi daktari huhesabu folikili, yaani vifuko vidogo vya majimaji ndani ya ovari, kila kimoja kikilea yai lake. Vituo vingi hutaka mchangiaji asizidi miaka 35, kwa kuwa ubora wa mayai hushuka kadiri umri unavyosonga.

Kila mwezi kundi la folikili huanza kukua kwa pamoja. Kwa kawaida moja hutangulia na yai lake hupevuka. Nyingine husinyaa na kufa. Dawa anazopewa mchangiaji huongeza homoni iitwayo FSH, ili zile ambazo zingekufa nazo zikue. Ndiyo maana hofu ya kumaliza mayai ya uzeeni haina msingi: yanayovunwa ni ya kundi ambalo lingepotea mwezi huohuo. Sindano ni fupi na nyembamba. Hujidunga mwenyewe chini ya kitovu, saa ileile kila siku, kwa siku 8 hadi 14 hivi, na sindano nyingine huzuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Tumbo hujaa, nguo hubana kiunoni, hisia hupanda na kushuka. Haruhusiwi mazoezi mazito, kwa sababu ovari iliyovimba inaweza kujisokota na kujikatia damu. Akilala na mwanamume bila kinga anaweza kushika mimba yake mwenyewe, tena ya watoto kadhaa.

Folikili zikikua vya kutosha, mchangiaji hudungwa sindano ya mwisho ya kupevusha, na kama saa 36 baadaye mayai huvunwa. Hulazwa usingizi, daktari hupitisha sindano ndefu ukeni huku akitazama skrini ya ultrasaundi, na kufyonza majimaji ya folikili moja baada ya nyingine. Ni shughuli ya nusu saa hivi, isiyoacha mshono. Jioni huwa nyumbani, na asirudi peke yake.

Hatari inayostahili kuogopwa huja siku zinazofuata. Ovari zikichochewa kupita kiasi, mishipa ya damu huvuja na maji hujaa tumboni. Uzito hupanda ghafla, mkojo hupungua, pumzi hubana. Hali kali si ya wengi, lakini humlaza mtu hospitalini na huweza kugandisha damu. Sindano ya mwisho ya kupevusha ikiwa ya aina iitwayo agonisti badala ya homoni iitwayo hCG, hatari hiyo hupungua sana. Agonisti inaweza kudhoofisha mimba ya anayedungwa, lakini mchangiaji habebi mimba. Sioni sababu ya kumnyima kinga hiyo.

Hapa ndipo penye kiini. Mchangiaji haumwi, lakini hutibiwa, na bili yake hulipwa na watu wanaotaka mayai mengi iwezekanavyo. Dozi ikipanda, mara nyingi mavuno hupanda, na hatari pia. Uingereza imeweka kikomo cha fidia, kilichokuwa pauni 750 hadi kilipopandishwa mwaka 2024, ili pesa isiwe ndiyo inayoamua. Huko pia, mtoto wa mayai yaliyochangiwa kuanzia Aprili 2005 anaweza kumjua mchangiaji akifika miaka 18. Nchini Kenya, muswada wa Mbunge Millie Odhiambo kuhusu uzazi wa kusaidiwa umejadiliwa kwa miaka mingi. Ahadi ya usiri wa milele, kwa vyovyote, haiwezi tena kutolewa kwa uaminifu: kipimo cha DNA cha binamu mmoja kinatosha kuivunja.

Pasipo sheria, kinachobaki ni mkataba, na binti ana haki ya kuusoma pamoja na wakili au mshauri asiyelipwa na kituo. Uonyeshe nani atalipia kitanda tumbo likijaa maji wiki moja baada ya kuvuna, daktari gani atapokea simu saa nane usiku, kama atalipwa hata mayai yakipatikana machache, na kumbukumbu zake zitatunzwa na nani kituo kikifungwa.