Kompyuta ya kibanda cha video delta ya Rufiji: Mfumo upi usiomaliza betri?

FEDHA za msimu wa kamba zikiingia mfukoni, mvuvi wa Mbwera au Simba Uranga anaweza kununua injini ya boti, kuongeza nyavu, au kujenga kibanda cha kuonyeshea filamu, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza. Hilo la tatu ndilo rahisi kuanza. Ni miti, makuti, mabenchi, runinga, spika na kompyuta moja.

Ndilo pia rahisi kufa, na mara nyingi chanzo chake hakitafutwi mahali kilipo. Mwenye kibanda hulaumu watazamaji wachache au filamu zilizokwishaonwa, kumbe fedha zinapotea ndani ya lile sanduku linalounguruma chini ya meza.

Tuchukue mfano wa mtu asiye na waya wa TANESCO, anayetumia jenereta ndogo ya petroli inayokula takriban nusu lita kwa saa. Akionyesha kwa saa tano, amechoma lita mbili na nusu. Tuseme lita moja ikifika kijijini kwa boti inauzwa Sh 3,000, na kiingilio ni Sh 300. Watazamaji 25 wa mwanzo wamelipia petroli tu. Mwenye kibanda anaanza kuhesabu chake kwa mtazamaji wa 26, na siku za mvua huenda asimwone.

Juu ya mto huohuo kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Lakini megawati hazipandi mashua zenyewe. Pale ambapo nguzo haijafika katikati ya mikoko, hesabu inabaki kuwa ya petroli au ya sola.

Kwa upande wa sola, betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya risasi na asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo kilichopo ni 600. Kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kula wati 80, na runinga bapa ya inchi 32 wati 50. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, betri hiyo inatoa saa nne hivi, na spika hatujaihesabu. Hizo ni filamu mbili.

Ukiiondoa kompyuta ya mezani ukaweka ya mpakato inayokula wati 25, unakaribia saa saba. Ukiweka kile kibao kidogo kiitwacho Raspberry Pi, kinachotengenezwa Uingereza na kuuzwa tangu 2012, ambacho kikionyesha filamu hutumia wati zisizozidi 10, pamoja na runinga inayopokea volti 12 moja kwa moja, unavuka saa 10 kwa betri ileile.

Hapo ndipo mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuendesha programu nyingine zote, unapoingia kwenye hesabu. Mfumo peke yake haupunguzi wati za runinga. Kazi yake ni kuamua mashine ndogo kiasi gani itaiweza kazi. Windows 11, kwa mfano, inadai RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kabla hata hujaweka filamu moja, na mashine nyingi za mtumba haziruhusu kuiweka. Windows 10 ilikuwa na masharti nafuu zaidi, lakini Microsoft ilisitisha masasisho yake ya bure ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Kusitishwa huko kusimtishe sana mwenye kibanda ambaye mashine yake haigusi intaneti. Adui wake hatoki kwenye intaneti, anatoka kwenye flash. Filamu zinafika Kibiti kutoka Dar es Salaam kwa flash, zinashuka Nyamisati kwa flash, na kila flash imepita kwenye kompyuta kadhaa njiani. Virusi vinavyoficha mafaili na kuacha alama za njia ya mkato vimeshaharibu maonyesho mengi. Virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havipati pa kushika.

Linux ni ya bure na ina sura nyingi. Kwa kibanda kisicho na shughuli nyingine, inayofaa ni LibreELEC, iliyozaliwa 2016 kutokana na mradi wa OpenELEC. Ukubwa wake ni MB mia chache, inawekwa kwenye flash au kadi ya kumbukumbu, na kompyuta ikiwashwa inaingia moja kwa moja kwenye programu ya kuonyeshea filamu iitwayo Kodi. Jina hilo kwa masikio yetu linaleta harufu ya TRA, lakini halihusiani na kodi yoyote. Programu hiyo ilianza 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, ikaitwa XBMC, kisha ikapewa jina la sasa 2014.

Faida yake kubwa kwa delta ni namna inavyovumilia kuzimika ghafla. Petroli ikiisha katikati ya filamu, Windows huweza kuamka ikiwa inajikagua kwa dakika nyingi huku watu wakipiga miluzi na kudai kiingilio chao. LibreELEC huiweka sehemu kubwa ya mfumo wake katika hali ya kusomwa tu, kwa hiyo kuzimika hakuiumizi kirahisi. Ikiharibika, unachomeka flash nyingine.

Hata hivyo, vibanda vingi haviishi kwa filamu peke yake. Mchana kompyuta hiyohiyo inarusha nyimbo kwenye simu za wateja, pengine inachapa barua ya serikali ya kijiji au fomu ya chama cha msingi cha korosho. Kwa mwenye shughuli hizo LibreELEC ni kosa, kwa sababu haina uwanja wa kufanyia kazi hizo. Huyo atafute Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, aongeze VLC kwa ajili ya filamu na LibreOffice kwa barua. RAM ya GB 2 inaweza kuanza, ingawa GB 4 ndiyo inayostahili. Wanaodhani Linux ni mambo ya Wazungu wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na kwamba Ubuntu, aliye mama wa Lubuntu, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka huohuo. Jina lake ni utu wetu huuhuu.

Kabla ya yote, angalia umri wa mashine. Pentium 4 nyingi ni za biti 32, na LibreELEC ya kompyuta za kawaida inataka biti 64. Lubuntu nayo iliacha biti 32 baada ya toleo la 18.10. Mifumo kama antiX 23 bado ilikuwa na toleo la biti 32, lakini kumwekea mzee huyo mfumo mwepesi ni kama kumvika mkulima aliyechoka viatu vipya. Atatembea, ila wati 80 atazila zilezile. Mashine hiyo iuzwe.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Wepesi wa mfumo haumalizi tatizo la filamu inayokwamakwama. Filamu nyingi za miaka ya karibuni zimekandamizwa kwa mtindo wa H.265, unaofanya faili kuwa dogo lakini unaohitaji kifaa kinachoweza kulifungua. Raspberry Pi 3 inamudu H.264 vizuri na kulemewa na H.265, Raspberry Pi 4, iliyotoka 2019, inazimudu zote mbili. Kompyuta ya Core 2 Duo, hata ukiiwekea mfumo mwepesi kuliko yote duniani, inaweza kuonyesha picha inayoruka huku sauti ikitangulia.

Hewa ya chumvi nayo ina neno lake. Feni ya kompyuta ya mezani inavuta unyevu wa bahari siku nzima na kuupaka kwenye sakiti. Kifaa kidogo kisicho na feni, kikifungwa kwenye boksi lenye matundu machache, kina nafasi nzuri zaidi ya kuuona msimu wa pili.

Ubure wa mfumo hauifanyi filamu kuwa ya bure. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mwenye kazi, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inamtaka mwenye ukumbi wa maonyesho awe na leseni. Anayeonyesha mpira naye ajue kwamba Kodi haichukui nafasi ya king'amuzi, na kwamba kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakikununuliwa kwa ajili ya umati.

Linux ina kasoro moja kubwa huku. Fundi wa pale Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa, huenda anaijua Windows kwa kufumba macho lakini LibreELEC hajawahi kuigusa. Kwa hiyo kazi yote ifanywe kabla ya kushuka Nyamisati. Jaribu mashine kwa filamu tatu, moja iwe ya H.265, uizime kwa kuchomoa waya, kisha uiwashe tena. Ikikubali, tengeneza flash tatu zinazofanana. Moja ibaki kwenye mashine, moja ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa mbali na maji, na ya tatu aachiwe ndugu Kibiti, ili ikihitajika ije kwa boti ya kwanza.