Mzio wa Kafeini: Jinsi ya Kuutambua na Kuudhibiti

Mtu anywapo kahawa jioni, kisha akakesha huku moyo ukimdunda na mikono ikimtetemeka, mara nyingi huambiwa kuwa ana mzio, yaani aleji, wa kafeini. Mwingine hunywa kikombe hicho hicho, akatokwa na vipele mwili mzima, midomo ikavimba na pumzi ikambana. Naye huambiwa kuwa kahawa ilikuwa kali mno. Wote wawili wameelezwa visivyo. Yule wa kwanza yaelekea hana mzio hata kidogo. Yule wa pili yumo hatarini, na kukosea kuitambua hali yake kwaweza kumuua.

Kafeini na kazi yake mwilini

Kafeini ni kemikali ya asili iliyomo katika buni, majani ya chai na kakao. Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka katika buni mwaka 1819. Mkoani Kagera, ambako Wahaya hutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, kafeini huingia mwilini pasipo kunywa chochote. Aidha, imo katika soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu.

Ubongo unapofanya kazi hujikusanyia adenosini, kemikali ambayo hunasa katika vipokezi vya seli za fahamu na kuleta uchovu na usingizi. Kafeini ina umbo linalokaribiana na la adenosini. Hukaa katika vipokezi hivyo mithili ya ufunguo unaoingia katika kitasa lakini hauwezi kukizungusha. Adenosini hukosa nafasi, na usingizi hutoweka.

Ini ndilo linaloivunja kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake huondolewa katika muda wa saa 5 hivi. Kwa hiyo aliyekunywa kahawa saa 12 jioni bado ana nusu ya kafeini hiyo ifikapo saa 5 usiku. Kwa wavutaji wa sigara muda huo hupungua. Kwa mama mjamzito aliyekaribia kujifungua waweza kufikia saa 15. Tofauti za urithi nazo huwafanya wengine waivunje polepole. Watu hao hutetemeka, hukosa usingizi na kuingiwa na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Hali hii si mzio.

Mzio wa kweli

Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa mjini Vienna. Katika mzio wa kweli, kinga ya mwili hukidhania kitu kisicho na madhara kuwa ni adui. Seli fulani za ngozi na za njia ya hewa humwaga histamini, na dalili hutokea kwa dakika chache au saa chache: vipele vinavyowasha, kuvimba midomo, ulimi au koo, kukoroma kifuani, kutapika, na pengine kuzirai.

Mzio wa kafeini yenyewe ni nadra sana. Mara nyingi mchochezi ni kitu kingine, kama vile maziwa yaliyotiwa katika chai. Vumbi la buni mbichi pia huweza kuwaletea wafanyakazi wa viwanda vya kahawa mafua na pumu, lakini kinachohusika hapo ni protini za buni, wala si kafeini. Swali la kujiuliza ni hili: je, dalili zile zile hutokea kwa kahawa ya rangi, chai ya rangi, kola na vidonge vyenye kafeini? Zikitokea kwa kimoja tu, kafeini yaelekea haina hatia. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi asijijaribu nyumbani. Vipimo vifanywe na daktari.

Namna ya kujihadhari

Asiye na mzio bali husumbuliwa na kafeini apunguze kiasi polepole, kwani kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa katika saa 12 hadi 24. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 kina miligramu 95 hivi. Cha chai, takriban nusu ya hizo. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 400 kwa siku haziwadhuru watu wazima wenye afya. Kwa mama wajawazito kiasi hicho ni 200, na kwa vijana 3 kwa kila kilo ya uzito. Yaani 150 kwa mwanafunzi wa kilo 50.

Mwenye mzio wa kweli hana budi kuiepuka kafeini kabisa. Asome maandishi ya vifungashio, akikumbuka kuwa kahawa iliyoondolewa kafeini hubakiwa na kiasi kidogo. Amwarifu pia daktari na mfamasia, kwa kuwa teofilini, dawa ya pumu, ni jamaa ya kafeini.

Mwanafunzi akivimba koo au akishindwa kupumua baada ya kunywa au kumeza kitu, asiachwe peke yake wala asisubirishwe. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani. Vidonge vya kuzuia histamini havitoshi. Kama sindano haipo, apelekwe hospitali mara moja. Alazwe chali miguu ikiinuliwa, au aketi ikiwa pumzi inambana, na asisimamishwe wala kutembezwa.