MASIKIO YAKIVUMA WAKATI WA SINDANO, SEMA SIKU HIYO HIYO



Umepata kuchomwa sindano kwa siku kadhaa, halafu ukasikia masikio yanavuma kama nyuki mzingani? Wengi hunyamaza. Hudhani ni homa.

Kijana mmoja hapa Gonja hupakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alipougua alichomwa sindano za jentamaisini, na aliendelea kwenda mashineni. Siku ya tatu masikio yalianza kuvuma. Alikuja kuniambia siku ya saba. Nilipomuuliza kwa nini alikaa kimya, alijibu, "Daktari, nilifikiri ni mlio wa mashine."

Tulisimamisha sindano tukampeleka hospitali. Leo anasikia sauti nene. Sauti nyembamba zimempotea. Akilinda shamba la mpunga, ndege huwaona kwa macho tu.

Jambo hili hutokeaje? Ndani kabisa ya sikio, katikati ya mfupa wa kichwa, kuna kitu kilichojiviringa kama konokono. Udogo wake ni kama njegere. Ndani yake mna maji, na mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinyweleo hupinda, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Hapo ndipo unaposikia.

Chembe hizo zinahitaji chakula na hewa kutoka katika damu. Lakini damu yenyewe haitakiwi kuingia. Kwa hiyo mishipa midogo ya sikio ina ukuta uliobana sana. Chakula hupita, vitu vingi vingine huzuiwa.

Fikiria ndiva za wazee wetu wa Upare. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Ukuta ukivuja, zamu zote zimeharibika. Tena ukuta haujilindi. Lazima wawepo watu wa kuutazama na kuuziba.

Sikio nalo lina walinzi wake. Ni chembe za kinga, ndugu wa zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Hukaa nje ya mishipa na kuikumbatia kama mizizi ya mkuyu inavyokumbatia jiwe. Mwaka 2012 wataalamu wa Oregon, Marekani, walieleza walichokiona kwa panya. Walinzi hao walipoondolewa, mishipa ilivuja, na panya wakapungukiwa na usikivu.

Sasa mwili ukishambuliwa na bakteria, kinga huwaka mwili mzima. Mwaka 2015 ilielezwa kwamba panya waliotiwa sehemu za bakteria mishipa yao ya sikio ilitanuka. Walipopewa dawa za jamii ya jentamaisini, dawa iliingia sikioni kwa wingi zaidi, na uziwi ulikuwa mkubwa zaidi. Kelele kubwa nazo huongeza madhara ya dawa hizi. Yule kijana alikuwa na yote matatu: ugonjwa, sindano na mashine.

Dawa ikishaua chembe zenye vinyweleo, hazioti tena. Kuku akizipoteza, huota upya. Sisi binadamu hatukujaliwa hivyo.

Dawa za jamii hii ni pamoja na sitreptomaisini, iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, na kanamaisini, iliyotumika kwa kifua kikuu sugu. Iliponya wengi, na baadhi yao walibaki viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo. Lakini jentamaisini ingali inatumika, hasa kwa watoto wachanga wenye maambukizo makali.

Mama, usikatae sindano hiyo kwa sababu ya habari hizi. Mtoto mchanga mwenye maambukizo ya damu asipotibiwa hufa haraka. Ila sindano itolewe na mhudumu wa afya, kwa kipimo cha uzito wa mtoto na kwa siku zilizopangwa. Usinunue dukani ukamwita jirani achome.

Kabla ya kuchomwa, mwambie mhudumu kama una ugonjwa wa figo, kwa maana dawa hii hutolewa na figo. Mwambie pia kama mama yako, mjomba wako au ndugu yeyote wa upande wa mama aliwahi kuwa kiziwi baada ya sindano. Udhaifu huo waweza kurithiwa kwa mama. Siku za sindano kaa mbali na mashine na redio za kelele. Masikio yakivuma, au ukianza kuyumba unapotembea, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni jioni.

Mtoto mchanga hawezi kusema. Aliyechomwa sindano hizi, piga makofi nyuma yake asipokuona. Asiposhtuka, au akifika miezi sita hageuki anapoitwa, mlete zahanati. Tutamwandikia barua ya kwenda kupimwa masikio KCMC, Moshi.