Heshima Kazini ni Sehemu ya Uongozi

Wapo viongozi wanaodhani kwamba nidhamu kazini huletwa na amri peke yake. Historia yetu inafundisha vingine. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Kwa nini Chama kiliingilia tabia? Jibu lilionekana viwandani. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma, na malalamiko yao mengi hayakuhusu mshahara bali matusi na ubabe wa mameneja.

Tunajifunza nini? Kwanza, kiongozi aitawale hasira yake kabla ya kuwatawala wengine. Pili, ajue kusoma hali za watu: ukimya katika baraza la wafanyakazi si lazima uwe ridhaa, huenda ni woga. Tatu, mfanyakazi hodari akianza kuchelewa, aitwe faraghani aulizwe, asikemewe hadharani.

Huku si kulea uzembe. Mzembe aadhibiwe, lakini baada ya kusikilizwa. Anayeheshimiwa husema kweli, na bila kweli hakuna mpango wa kazi utakaotekelezeka.